Apocalypto: Damu ya Wamaya mbele ya mtazamaji wa Kagongwa

NI filamu ya zaidi ya saa mbili ambayo wahusika wake hawatamki neno hata moja la Kiingereza, wala haina nyota ambaye sura yake ilikuwa ikifahamika kabla. Hata hivyo Apocalypto, iliyoongozwa na Mel Gibson na kuanza kuonyeshwa Marekani Desemba 8, 2006, imebaki miongoni mwa filamu za kihistoria zinazobishaniwa zaidi kila inapotajwa.

Ubishi huo hauhusu kama filamu inasisimua. Hata wanaoichukia hukiri kwamba ni vigumu kuinuka kitini kabla haijaisha. Kinachobishaniwa ni damu iliyomwagwa ndani yake: je, ni historia ya Wamaya, ni mzaha juu ya Wamaya, au ni kisingizio cha kuwauzia watu picha za kukimbizana msituni?

Swali hilo lina uzito wa pekee kwa mtu anayeitazama filamu hiyo akiwa Kagongwa, mji mdogo wa mashine za kukoboa mpunga wilayani Kahama, kwenye barabara ambayo malori ya mizigo hutoka Isaka kuelekea Rwanda na Burundi. Ukanda huo, kuanzia Shinyanga hadi kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita, nao umewahi kuonyeshwa duniani kwa damu yake. Wenyeji wake wanajua jinsi picha kama hiyo inavyopimwa na yule anayepigwa picha.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Kijana mwindaji aitwaye Jaguar Paw, anayeigizwa na Rudy Youngblood, anaishi na wenzake katika kijiji kilichozungukwa na msitu. Filamu inaanza kwa uwindaji wa tapiri, mnyama wa Amerika anayefanana na nguruwe mwenye pua ndefu, ambaye ananaswa kwa mtego wa miti iliyochongwa. Kisha kuna utani wa wanaume, mawifi na wakwe, na usiku wa hadithi mbele ya moto.

Alfajiri kijiji kinavamiwa. Nyumba zinachomwa, baba wa kijana anachinjwa mbele yake, na walionusurika wanafungwa shingoni kwenye mti mrefu na kuswagwa hadi mjini. Kabla hajakamatwa, Jaguar Paw amewahi kumteremsha mkewe mjamzito na mtoto wao mdogo katika shimo refu, na kamba ya kupandia imekatwa. Mtazamaji hulisahau shimo hilo kwa dakika chache tu, kisha hulikumbuka kila mvua inapotajwa.

Mjini, wanawake wanauzwa sokoni. Wanaume wanapakwa rangi ya buluu na kupandishwa juu ya piramidi, ambako makuhani wanawapasua vifua, wanawang'oa mioyo na kuvingirisha vichwa vyao ngazini huku umati ukishangilia. Zamu ya Jaguar Paw inapofika, jua linapatwa. Makuhani wanatangaza kwamba mungu ameshiba, na mateka waliobaki wanapelekwa uwanjani wakimbie huku wakilengwa kwa mikuki na mishale.

Kijana anatoroka akiwa na jeraha. Nusu ya pili ya filamu ni mbio zisizo na kituo: shamba la mahindi, shimo la maiti, chui, maporomoko ya maji, kiota cha nyigu, mishale iliyopakwa sumu ya chura. Mkuu wa wanaomfukuza anaishia katika mtego uleule wa tapiri wa mwanzoni. Mbio zinakoma ufukweni, mbele ya merikebu za Wahispania.

Kwa mtazamaji anayetafuta picha ya mapigano, hapo hakuna cha kulaumu. Wapenzi wa filamu hiyo husifu zaidi nusu hiyo ya pili, kasi yake, sauti za msitu na jinsi kamera inavyokimbia sambamba na mkimbiaji. Filamu iliteuliwa kuwania tuzo tatu za Oscar mwaka 2007, mbili za sauti na moja ya upambaji wa waigizaji, ingawa haikupata hata moja. Spike Lee, mwongozaji mweusi wa Marekani asiyeogopa kuwasema wenzake kuhusu ubaguzi, aliiingiza katika orodha ya filamu muhimu anazowashauri wanafunzi wake kuzitazama, orodha aliyoitangaza mwaka 2013.

Sifa ya pili hutolewa kwa lugha. Wahusika wote wanazungumza Kimaya cha Yucatán, lugha ambayo hadi leo ina wasemaji zaidi ya laki saba nchini Mexico. Gibson alikwisha kufanya hivyo katika filamu yake ya mateso ya Yesu ya mwaka 2004, iliyochezwa kwa Kiaramu, Kiebrania na Kilatini. Wapo Wamaya wa Yucatán walioyasamehe mengine yote kwa sababu ya furaha ya kusikia lugha ya bibi zao ikitoka katika vipaza sauti vya sinema.

Furaha hiyo inaeleweka vizuri Shinyanga. Kisukuma ni lugha ya mamilioni ya watu, lakini anayetaka kuisikia katika filamu ndefu ya gharama kubwa atasubiri sana. Hakuna tajiri wa Hollywood aliyewahi kutumia dola milioni 40, kiasi kinachokadiriwa kuwa gharama ya Apocalypto, ili Msukuma aongee Kisukuma mbele ya dunia.

Hata hivyo, wengi wa waigizaji wakuu hawakuwa Wamaya. Walikuwa wenyeji wa asili kutoka Marekani, Kanada na sehemu nyingine za Mexico, waliofundishwa kutamka. Wakosoaji waliliona jambo hilo mapema.

Lawama kali zaidi zilitoka Guatemala, nchi ambayo sehemu kubwa ya wananchi wake ni Wamaya. Ricardo Cajas, aliyekuwa kamishna wa rais wa nchi hiyo kuhusu ubaguzi wa rangi, alilalamika kwamba filamu imerudisha nyuma kwa miaka mingi uelewa wa dunia kuhusu watu hao, kama vile filamu za zamani za Marekani zilivyowafanya Wahindi Wekundu waonekane wakatili tu wasio na jingine.

Malalamiko hayo hayakuwa ya mtu anayejisikia vibaya kwa mambo ya kale. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Guatemala vilidumu tangu mwaka 1960 hadi 1996. Tume iliyoungwa mkono na Umoja wa Mataifa iliripoti mwaka 1999 kwamba watu zaidi ya 200,000 waliuawa au kupotea, kwamba idadi kubwa ya waathirika waliotambuliwa walikuwa Wamaya, na kwamba jeshi lilifanya vitendo vya mauaji ya kimbari dhidi yao. Miaka kumi baada ya amani kutiwa saini, dunia ililetewa sinema kubwa kuhusu Wamaya, na ndani yake Wamaya ndio wachinjaji.

Wasomi nao waligawanyika. Richard Hansen, mwanaakiolojia wa Marekani aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika magofu ya El Mirador, ndiye aliyekuwa mshauri wa filamu hiyo, na amewahi kuitetea akisema kafara za binadamu zilikuwapo na haina maana kuzificha. Mwenzake Traci Ardren, mtaalamu wa Wamaya, alikuwa miongoni mwa waliopinga kwa maandishi mara tu filamu ilipotoka, akiona kwamba imejaa ukatili wa kuuza huku ikiachia nje karibu kila kitu ambacho Wamaya wanakumbukwa nacho.

Ni kweli kwamba ukatili haukubuniwa na Gibson. Kwa muda mrefu wanazuoni wa Magharibi waliamini Wamaya walikuwa watu wapole wa kutazama nyota, hadi picha za ukutani za Bonampak, nchini Mexico, zilipofahamika kwa watafiti mwaka 1946. Picha hizo zilizochorwa mwishoni mwa karne ya nane zinaonyesha vita na mateka wanaotoka damu vidoleni mbele ya mfalme. Tangu hapo hakuna mtaalamu makini anayedai kwamba Wamaya hawakuua mateka.

Tatizo ni jinsi mambo yalivyochanganywa. Mateka waliotolewa kafara katika miji ya Wamaya, kwa kadiri maandishi yao yanavyoonyesha, mara nyingi walikuwa wafalme na watu wa ukoo bora waliotekwa vitani. Kung'oa mioyo ya watu wengi kwa mfululizo mbele ya umati kunafanana zaidi na yale yaliyoandikwa kuhusu Waazteki, watu wengine, wa mbali na wa wakati mwingine. Picha za ukutani za San Bartolo, Guatemala, za takriban mwaka 100 kabla ya Kristo, zimeigwa ndani ya filamu na kubadilishwa kidogo ili zionyeshe moyo mkononi.

Majira nayo yamekunjwa. Miji mikubwa ya kusini yenye mapiramidi ya namna ile ilianza kuachwa katika karne ya tisa. Wahispania walifika pwani ya Wamaya mwanzoni mwa karne ya 16. Kati ya mambo hayo mawili kuna zaidi ya miaka 600, lakini katika filamu yanatenganishwa na siku mbili tu za kukimbia.

Mkulima wa mpunga wa Kagongwa anaweza kuwa na dosari yake ya kuongeza. Wanakijiji wa Jaguar Paw wanaishi kwa kuwinda na wanaushangaa mji kana kwamba hawajawahi kuusikia, ilhali mji huo uko mwendo wa siku chache kwa miguu. Wamaya walikuwa wakulima wa mahindi tangu zamani sana. Hakuna mji wenye maelfu ya watu unaokaa karibu na wakulima bila kujulikana nao, kwa sababu unakula kwao.

Dosari nyingine haihitaji kitabu. Usiku unaofuata kupatwa kwa jua, filamu inaonyesha mwezi mpevu. Jambo hilo haliwezekani. Jua hupatwa siku ambazo mwezi umepotea kabisa kabla ya kuandama, na mwezi mpevu huja takriban wiki mbili baadaye. Mtu yeyote anayehesabu miezi kwa kuutazama mwandamo, awe anasubiri Ramadhani au anapanga siku za shamba, hulijua hilo. Wamaya walilijua kuliko wote: kitabu chao kilichohifadhiwa Dresden, Ujerumani, kina jedwali la kukadiria siku za kupatwa kwa jua. Kitabu hicho ni miongoni mwa vinne tu vilivyosalia, kwani vingine vingi viliteketezwa, vikiwamo vile ambavyo padri Diego de Landa alivichoma hadharani huko Maní mwaka 1562.

Filamu haina kitabu hata kimoja.

Sauti ya msimulizi

Jinsi filamu kama hiyo inavyomfikia mtazamaji wa mji mdogo wa Kanda ya Ziwa ni habari ya peke yake. Watazamaji wa Los Angeles au London waliisoma: maandishi ya Kiingereza yalipita chini ya picha, nao wakafuata. Katika mabanda ya video ya Tanzania, yale ambayo vijana huyaita banda umiza, si wengi wenye kasi ya kusoma Kiingereza gizani huku mtu akikimbizwa na chui.

Kazi hiyo hufanywa na msimulizi. Ni sanaa ambayo imeenea Uganda, Kenya na Tanzania: mtu mmoja hutafsiri filamu nzima kwa sauti yake, akichomeka mzaha, methali na majina ya mitaani, na sauti hiyo hurekodiwa juu ya filamu na kuuzwa. Uganda huwaita VJ. Kenya jina lililovuma zaidi ni DJ Afro. Kwa Tanzania, Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ni miongoni mwa waliofanya sanaa hiyo ipendwe kuliko filamu zenyewe.

Wapo wanaoiona kazi hiyo kama uharibifu wa kazi ya watu, na kwa upande wa haki za wasanii wana hoja: nakala nyingi zilizouzwa hazikumlipa aliyetengeneza filamu. Mwaka 2013 Serikali ilianzisha stempu za kodi kwa kazi za muziki na filamu, hatua iliyolenga kudhibiti biashara hiyo. Lakini kwa filamu ya Kimaya, msimulizi wa Kiswahili hayuko mbali na ukweli kuliko maandishi ya Kiingereza. Wote wawili ni wakalimani.

Suala la umri ni gumu zaidi. Marekani ilizuia walio chini ya miaka 17 kuitazama Apocalypto bila mzazi. Uingereza iliwaruhusu wenye miaka 18 na kuendelea. Tanzania ina sheria ya filamu na michezo ya kuigiza tangu mwaka 1976, pamoja na bodi yenye jukumu la kupanga madaraja ya watazamaji, lakini mlango wa banda la mtaani umekuwa ukisimamiwa na mtu anayehesabu sarafu kuliko miaka. Mtoto wa darasa la nne anayeingia na kukuta moyo ukipiga juu ya kiganja cha kuhani hatakumbuka mzozo wa wanaakiolojia.

Mateka shingoni

Kuna tukio moja ambalo watazamaji wa Ulaya na Marekani hulitaja kwa haraka, lakini katika nchi ya Wanyamwezi, Wasumbwa na Wasukuma lina mwangwi wake. Ni safari ya mateka waliofungwa shingo kwenye mti mmoja.

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ya pembe na watumwa ilipita Tabora kuelekea Bagamoyo. Kaskazini yake, vijiji vilizungushiwa maboma ya miti kwa kuwahofia warugaruga, vijana wenye bunduki waliowatumikia watemi wa vita. Mirambo wa Urambo, mashuhuri kuliko watemi hao wote, alifariki Desemba 1884 akiwa vitani Ukune, katika ukanda wa Kahama. Kwa hiyo uvamizi wa alfajiri, nyumba za nyasi zinazoungua na kamba shingoni si mambo ya Amerika tu. Mzee mwenye kumbukumbu za masimulizi ya babu yake hahitaji kuelezwa.

Hapo ndipo filamu inapomfikisha mtazamaji huyo mahali tofauti na mtazamaji wa Ulaya. Yeye anajua pia kilichofuata.

Januari 1889, Bunge la Ujerumani liliidhinisha fedha za kikosi cha Hermann von Wissmann kije Afrika Mashariki, na hoja iliyopigiwa debe ilikuwa kupambana na biashara ya utumwa. Hoja hiyo haikuwa ya uongo mtupu, kwani misafara ilikuwapo na soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa miaka 16 tu kabla. Lakini kikosi kilikuja kutawala. Januari 1893 Wajerumani waliishambulia ngome ya Isike, mtemi wa Unyanyembe, mjini Tabora. Alipoona imeingiwa, Isike alililipua ghala lake la baruti akiwa ndani kuliko kukamatwa mzima. Utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali chini ya Wajerumani katika muda wote wa utawala wao. Ulifutwa kisheria mwaka 1922 na Waingereza.

Ukiwa na habari hiyo kichwani, merikebu zinazotokea mwishoni mwa Apocalypto haziwezi kuonekana kama pambo la kufungia hadithi. Filamu imetumia saa mbili kuonyesha kwamba wenyeji wanauana, kisha inaonyesha msalaba ukija kwa mashua. Wanaoilaumu wanasema mpangilio huo ndio hoja iliyotumiwa na kila mkoloni. Wanaoitetea wanajibu kwamba Jaguar Paw anazipa kisogo merikebu hizo na kurudi msituni, hivyo filamu haiwasifu wageni. Gibson mwenyewe alieleza mwaka 2006 kwamba alikuwa akiisema Marekani ya wakati ule, akifananisha kafara za piramidi na vijana waliopelekwa kupigana Iraq.

Utetezi huo una nguvu, lakini haujibu lawama yote. Mtu anayetaka kuisema Marekani angeweza kuisema Marekani. Aidha, wengi walikuwa wamepoteza hamu ya kumsikiliza: Julai mwaka huohuo Gibson alikamatwa California akiendesha gari amelewa na akatoa maneno ya chuki dhidi ya Wayahudi, jambo lililowafanya baadhi ya watazamaji waihukumu filamu kabla ya kuiona.

Mapanki na Kahama

Mwaka uleule, Kanda ya Ziwa ilikuwa na mzozo wake wa filamu. Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, raia wa Austria, ilikuwa imetoka mwaka 2004 na kufika hadi kwenye uteuzi wa Oscar. Watanzania waliiita filamu ya mapanki, kwa sababu ya picha zake za vichwa na mifupa ya sangara inayokaushwa kwa chakula cha maskini wakati minofu ikipakiwa ndege kwenda Ulaya. Ilidokeza pia kwamba ndege hizo zilikuja na silaha.

Mwishoni mwa Julai 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani, na Agosti watu wakaandamana Mwanza kuipinga. Wengi waliijua kwa kusimuliwa. Lakini hasira yao ilifanana mno na ile ya Guatemala: hawakusema hakuna umaskini Mwanza, walisema Mwanza si umaskini tu. Waliokuwa upande wa Sauper walijibu kwamba mtu anayechukia kioo hana budi kuanza na uso wake. Majibu yote mawili yanaweza kuwa sahihi kwa siku moja.

Kisha likaja jambo zito kuliko mapanki. Kuanzia mwaka 2007 watu wenye ualbino walianza kuuawa na kukatwa viungo katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri, imani iliyohusishwa mara nyingi na wachimbaji wa dhahabu na wavuvi waliodanganywa na waganga. Umoja wa Mataifa uliwahi kuhesabu waliouawa nchini kuwa zaidi ya 70 kati ya mwaka 2000 na 2015.

Januari 2009 Serikali ilisitisha leseni za waganga wa jadi. Machi mwaka huo kukapigwa kura ya siri ya kuwataja wahusika. Septemba 2009, Mahakama Kuu iliyoketi Kahama, mwendo mfupi kwa basi kutoka Kagongwa, iliwahukumu kunyongwa watu watatu kwa kumuua kijana wa miaka 14 mwenye ualbino wilayani Bukombe, ambayo wakati huo ilikuwa mkoa wa Shinyanga na sasa imo Geita. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya aina hiyo nchini.

Damu inayotolewa ili mali ije. Hilo ndilo jambo ambalo kuhani wa filamu analitangaza juu ya piramidi mbele ya watu wenye njaa na mazao yaliyokauka. Mtazamaji wa ukanda wa dhahabu hawezi kulicheka kama ujinga wa watu wa kale, na mwenye heshima hawezi kusema kwamba watengeneza filamu wamelizusha. Lakini ni mtu huyohuyo anayejua kwamba walioua walikuwa wachache na walijificha, kwamba majirani ndio waliotoa ushahidi, na kwamba mwaka 2010 Lindi Mjini ilimchagua Salum Barwany, mwenye ualbino, kuwa mbunge wake. Vyombo vya habari vya nje vilivyokuja Shinyanga miaka ile viliondoka na visu na makaburi. Habari za majirani hazikubebwa.

Filamu nyingine zilijaribu njia tofauti. In the Shadow of the Sun ya Harry Freeland, ya mwaka 2012, iliwapa nafasi wenye ualbino wenyewe, akiwamo mwanaharakati Josephat Torner, kusafiri na kubishana na jamii zao. White Shadow ya Noaz Deshe, iliyopata tuzo ya filamu ya kwanza ya mwongozaji huko Venice mwaka 2013, ilichezwa Tanzania, na ina ukatili usiopungua ule wa Gibson. Tofauti ni kwamba anayewindwa ndani yake ana mjomba, ana deni, ana msichana anayempenda, na mji anaoishi una watu wa kila namna. Mji wa Apocalypto una makuhani, wauza watumwa, wafanyakazi waliopakaa chokaa na umati unaopiga kelele. Hakuna mama anayenunua mahindi wala fundi anayebishania ujira.

Kwa sababu hiyo, swali ambalo hupotezewa muda mwingi, la kama Wamaya waliua au hawakuua, si lenye kutatua ugomvi. Waliua. Waliandika pia, wakahesabu miaka, wakalima, wakajenga, na wapo hadi leo kwa mamilioni wakiuza kahawa na kupiga kura. Filamu iliyochagua moja kati ya hayo ina haki ya kuchagua, na mtazamaji ana haki ya kuuliza kwa nini lilikuwa hilo.

Katika dakika za mwisho, Jaguar Paw na mkewe, aliyekwisha kujifungua ndani ya maji ya shimo, wanazitazama merikebu wakiwa nyuma ya miti. Mke anauliza ni vitu gani. Mume anamjibu tu kwamba vimeleta watu. Filamu haiwataji watu hao kwa jina, na maandishi ya Kiingereza hayana la kuongeza.

Msimulizi wa banda hana anasa hiyo, kwani watazamaji wake watauliza ni akina nani. Akiwaita Wahispania, nusu ya benchi itataka kujua Wahispania wamefuata nini. Akitazama msalaba na kuwaita wamisionari, kuna watakaoshusha pumzi kwamba mateso yamekwisha. Akiwaita wakoloni, watageuka kumwangalia upya yule kijana anayerudi msituni na mtoto mchanga, na kuanza kumhesabia miaka aliyobakiwa nayo.